Tovuti Iliyongoja Mgeni Rasmi

Nchi yenyewe haimo kwenye ramani, kwa hiyo msomaji asihangaike kuitafuta. Na akijikuta anaifahamu, hilo ni lake na majirani zake. Ilikuwa nchi ya amani sana. Watu wake walikuwa watulivu kwa asili, na wale ambao hawakuwa watulivu kwa asili walitulizwa. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa adabu. Hakuna kitu kilichotumika nchini humo kabla ya kuzinduliwa na mgeni rasmi.

Kisima kilichimbwa, maji yakatoka, na wanawake wakakaa kando na ndoo zao tangu kiangazi mpaka vuli wakingoja mkasi wa kukata utepe. Zahanati ikaisha kujengwa, wagonjwa wakaombwa wasizidiwe mpaka Mkuu wa Wilaya arudi safari. Choo cha soko la Nyangoro kilizinduliwa na katibu wa wizara, ambaye kwa uzalendo wake alikubali kukifungua kwa vitendo, huku bendi ya polisi ikipiga wimbo wa taifa nje ya mlango. Watu walisimama wima mpaka alipotoka.

Bi. Mwajabu Kipande hakuwa na ugomvi na desturi hiyo, maana alizaliwa akaikuta. Alikuwa mjane wa makamo, mshonaji wa nguo, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa kijijini, pale barabara inaposhuka kwenye Mto Kiboye. Hapo palitakiwa pawe na daraja. Fedha za daraja zilitolewa kweli, wala asitokee mtu wa kusingizia. Ila daraja lilizinduliwa na mawaziri watatu kwa nyakati tatu, na kila mmoja alitaka mahema mazuri kuliko ya mwenzake, fedha zikaishia huko. Kilichojengwa ni jiwe la msingi, dude la zege na marumaru, lililosimikwa mtoni upande maji yanakokwenda, likiwa na majina ya waheshimiwa wote watatu. Watu na magari wakaendelea kupita kwenye drifti, ile njia ya zege iliyolazwa chini, ambayo kila masika maji huipanda.

Na mto ule ulikuwa mnafiki. Mvua hunyesha milimani usiku, kijijini lisianguke hata tone, kisha alfajiri maji yanateremka kimyakimya. Masika yaliyopita Siwema, muuza nyanya wa ng'ambo na shoga yake Mwajabu tangu utotoni, alishuka mtoni na tenga lake kichwani asubuhi yenye jua zuri. Mwajabu alikuwa ameyaona maji kutoka dirishani kwake. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, lakini ng'ambo hakusikiki. Zilizoonekana baadaye ni nyanya tu, zikielea kuelekea bondeni. Tangu siku hiyo Mwajabu alipika mchuzi usio na nyanya, na hakutaka mtu amuulize kwa nini.

Ndipo akajifunza kuandika mtandaoni. Kila alfajiri alitazama mto, akafungua ukurasa wake wa bure kwenye kampuni moja ya ughaibuni, akaandika: "Leo vukeni." Au: "Leo msivuke." Basi. Nadhani ilikuwa blogu fupi kuliko zote duniani, na watu wa ng'ambo zote mbili waliisoma kabla ya kuvaa viatu.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Wizara ya Mito na Mitandao ilipoamka. Wizara hizo mbili ziliunganishwa kupunguza matumizi, kwa kuwa majina yake yalifuatana kwenye kabati la mafaili. Waziri wake, Mheshimiwa Dakta Shangwe, alihutubia taifa kwa uchungu.

"Ndugu wananchi! Tovuti za raia wetu zinalala ugenini! Nawauliza, mtoto wako akilala kwa jirani kila siku, mwisho wa yote atamwita nani baba?"

Wananchi hawakujua, wakapiga makofi. Kesho yake kurasa zote zilizolala ugenini zilifungwa. Makundi ya simu nayo yalikuwa yamepigwa marufuku zamani, kwa sababu mkusanyiko wowote wa watu zaidi ya watano ulihitaji kibali cha polisi. Mwajabu alibaki na dirisha lake, na masika yalikuwa yanakaribia.

*

Alikwenda mjini kwa fundi Chande, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu na ulimi usio na breki.

"Fundi, nataka tovuti yangu mwenyewe. Ndogo, ya bei ya mtu kama mimi."

"Dada Mwajabu, tovuti ni kama mgonjwa wa homa. Lazima awepo wa kukesha naye. Huyo mkeshaji ni kompyuta isiyozimwa, iko mahali fulani, usiku na mchana. Wewe unalipia mkesha, hakuna kingine." Akamwonyesha kwenye simu. "Hawa hapa wanakupa nafasi kubwa kama ghala la mahindi la taifa. Utaweka nini?"

"Maneno mawili."

"Basi usikodi ghala, kodi kijikabati. Na hii bei iliyokolezwa rangi nyekundu usiiamini. Hii ni bei ya uchumba. Mwaka wa pili umeshaolewa, umeshahamisha vyombo, ndipo unatajiwa bei ya ndoa. Shuka chini kwenye herufi ndogo."

Mwajabu akavaa miwani yake ya kushonea, akasoma herufi ndogo za kampuni moja baada ya nyingine, akiguna. Mmoja alitoza nakala ya akiba kwa malipo ya pembeni. Mwingine alijisifu kwa kila kitu isipokuwa simu ya kupokea malalamiko. Mwishowe akakuta kampuni moja isiyo na mbwembwe, bei ya mwaka wa kwanza na wa pili karibu sawa, na kwa mwezi haikuzidi sahani mbili za wali maharage.

"Huyu hajajipodoa," alisema. "Nipe huyu."

"Ningekupa sasa hivi. Lakini si umesikia, hairuhusiwi kulala ugenini." Chande alipunguza sauti, ingawa kibandani walikuwa wao wawili tu na kalenda yenye picha ya Waziri. "Kimebaki SHIKATO, Shirika la Kuhifadhi Tovuti la Taifa. Wao ni bure kabisa. Wahenga walisema rahisi ghali. Ya bure hawakuitaja, nadhani waliogopa."

*

Ofisi ya SHIKATO ilikuwa na kompyuta moja, nayo ilikuwa ndiyo shirika. Ilikaa kwenye chumba chake chenye kufuli, juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua na maneno "Karibu Mgeni". Afisa wake, Bwana Melkiori, alikuwa mpole kupita kiasi, na mtu mpole ofisini ni wa kuogopa, maana hutajua ni saa ngapi amekunyima.

"Karibu mama, karibu sana. Za huko?"

"Nzuri, bwana. Nataka mahali pa kuweka tovuti."

"Umefika nyumbani. Sisi tunafungua saa mbili asubuhi, tunazima saa tisa na nusu. Jumamosi na Jumapili inapumzika. Hata punda hupumzishwa, mama."

"Mnaizima? Mimi nimeambiwa kompyuta ya tovuti haizimwi."

"Hiyo ni ya watu wasio na familia. Lakini usihofu, huduma yetu iko hewani kwa asilimia tisini na tisa nukta tisa."

"Mbona usiku wote mmezima?"

"Takwimu hizo hatuzipimi sisi. Zinatangazwa na Tume."

"Tume gani?"

"Ile ile," alisema Bwana Melkiori, na Mwajabu hakuuliza tena.

Kisha afisa akaeleza masharti, na kila sharti alilitoa kama mtu anayemgawia mgeni pipi. Kila tovuti ilipaswa kubeba picha ya Mheshimiwa Waziri, ya ubora wa juu kabisa, ili mtu akiisogeza karibu aone jitihada usoni. Picha hiyo ilijaza nafasi yote aliyopewa raia, ikabakiza pembe moja.

"Pembe yanitosha. Nitaandika 'Leo msivuke', basi."

Bwana Melkiori akavua miwani. "Hapo kuna shida, mama. 'Msivuke' ni katazo. Raia hakatazi, kukataza ni kazi ya serikali. Halafu ni neno la kukatisha tamaa. Andika kwa mtazamo chanya. Andika 'Mto una maji ya kutosha'."

"Mtu akisoma hivyo si atakuja na ndoo?"

"Basi tutakuwa tumehamasisha."

"Bwana afisa, maji yanashuka alfajiri. Ninyi mnafungua saa mbili. Kuna watu wanavuka saa kumi na mbili."

"Mto nao ungefuata saa za kazi, tusingekuwa na tatizo."

Hasira ilimpanda Mwajabu mpaka masikio yakawa moto. Alitaka kumweleza habari za Siwema. Akaanza, "Mimi nilikuwa na rafiki yangu..." Lakini Bwana Melkiori alikuwa amepatwa na furaha ya ghafla na hakusikia.

"Mama, una nyota! Tovuti ya mto! Mito na mitandao, wizara nzima mahali pamoja! Hii Mheshimiwa atakuja kuizindua mwenyewe."

"Lini?"

"Maandalizi yanaendelea vizuri."

"Na masika je? Unajua yanaanza lini?"

"Nayo nadhani maandalizi yake yanaendelea vizuri."

Mwajabu akakubali. Heri nusu shari kuliko shari kamili, alijiambia, na aliporudi nyumbani alijiuliza njia nzima kama ile ilikuwa nusu kweli.

*

Kamati ya Maandalizi iliundwa, ikakaa, ikala, ikaahirishwa. Mahema yakapigwa kando ya mto upande wa kijijini, kwa Mwajabu, ili Mheshimiwa atokee mjini, avuke kwa shangwe na kuzindua tovuti ya mto huku anautazama mto wenyewe. Fulana zikachapwa. Kwa kuwa tovuti haishikiki, na utepe hauwezi kufungwa kwenye kitu kisichoshikika, seremala alitengeneza simu ya mbao ndefu kuliko mtu, ikafungwa utepe kama zawadi ya harusi.

Tovuti yenyewe ilikuwa tayari. Ilikuwa na picha ya Mheshimiwa akitabasamu, na kwenye ile pembe palikuwa na maneno: "Ukurasa huu utazinduliwa hivi punde na Mheshimiwa." Mwajabu aliomba nenosiri ili aanze kuandika, maana mawingu yalikuwa yamekwisha kukaa milimani. Aliambiwa nenosiri liko kwenye bahasha, na bahasha atakabidhiwa na mgeni rasmi baada ya utepe.

Siku ya uzinduzi jua lilichomoza zuri. Mwajabu alifungua dirisha akaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yamefunika drifti yote, kimya, bila povu. Ilikuwa asubuhi ile ile ya Siwema, imerudi na jua lake.

Alikimbia mpaka hemani. "Bwana Melkiori! Mto umejaa! Niandike sasa hivi, nakuomba!"

"Haijazinduliwa, mama. Utaandikaje kwenye kitu ambacho hakijaanza?"

"Basi mpigie simu Mheshimiwa, mwambie asivuke."

Bwana Melkiori alimtazama kwa huruma ya kweli. "Nimpigie mgeni rasmi nimwambie asije? Mama, mimi nina watoto wanasoma."

Ng'ambo msafara ulikuwa umefika. Baadaye dereva wa Mheshimiwa, mtu mzima aitwaye Kassiani, alisimulia yaliyotokea garini. Alisimamisha gari, akasema maji haya hayaaminiki. Mheshimiwa akacheka. Akasema kwani hatuna tovuti ya mto? Akatoa simu, akaifungua tovuti, akajikuta anatabasamu. Aliisogeza karibu, akaziona jitihada. "Ingekuwa hatari ingeandikwa," alisema. "Songa."

Mwajabu aliona taa za gari zikiwaka. Alivua khanga yake nyekundu ya juu, akashuka mpaka ukingoni, akaipunga kwa mikono miwili akipiga kelele, "Msivuke! Rudini! Msivuke!"

Na hapo ndipo adabu ya nchi ile ilipojidhihirisha. Watu mahemani walipoona Mwajabu, ambaye sasa walimwita Mama Tovuti, anapunga khanga, walidhani ratiba imeanza. Wanawake wote wakainuka wakapunga zao. Vigelegele vikapaa, ngoma ikalia, kwaya ya shule ikashika wimbo wa kumkaribisha mgeni, na sauti ya Mwajabu ikamezwa yote. Mheshimiwa akashusha kioo, akapunga mkono. Gari likaingia majini.

Lilifika katikati. Kisha likageuka ubavu taratibu, kwa heshima, likaondoka na mto. Kwaya ilimaliza ubeti wa pili kabla ya kuelewa.

Aliyemwokoa Mheshimiwa ni serikali yenyewe, na hili lazima lisemwe. Gari lilibamizwa kwenye lile jiwe la msingi la daraja, likakwama. Kassiani alimvuta bosi wake dirishani, akampandisha juu ya jiwe, na Waziri wa Mito na Mitandao akakaa pale akiwa amelikumbatia jina lake mwenyewe la marumaru, maana alikuwa mmoja wa wale watatu. Mwajabu ndiye aliyeleta kamba ya kuanikia nguo na kamba za mbuzi wa jirani. Wanaume wakaziunga, wakaogelea, wakawatoa wote wawili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mwenyeji alilowa mpaka kiunoni.

Mheshimiwa, akiwa amefungwa khanga nyekundu ya Mwajabu, aliomba kipaza sauti. Alisema amefurahishwa na wingi wa maji. Aliposimama azindue, ikagundulika kwamba mkasi ulikuwa garini, na gari lilikuwa limekwisha kuchomoka kwenye jiwe, linaendelea na safari bondeni pamoja na bahasha. Akatokea mtu na panga. Mheshimiwa akasema panga si itifaki. Uzinduzi ukaahirishwa mpaka mkasi mwingine upatikane, na tume iliyoundwa kuchunguza ajali ikabaini kuwa mto uliingia barabarani bila kibali.

*

Jioni ile Kassiani alifika kwa Mwajabu kurudisha khanga, imefuliwa na kukunjwa.

"Mama, mimi kazi yangu ni barabara hii," alisema. "Sasa kesho nitajuaje?"

Asubuhi maji yalikuwa yameshuka. Mwajabu akavuka, akawa mlangoni kwa fundi Chande kabla kibanda hakijafunguliwa.

"Nipe yule asiyejipodoa."

"Dada, sheria..."

"Fundi, nimekwisha kuwa mzalendo. Nimelowa. Nipe yule."

Ikawa. Kijikabati kidogo ughaibuni, mwaka mmoja, bila picha, na anwani yake akaigawa njia nzima akirudi nyumbani. Alfajiri iliyofuata alitazama mto, akaandika "Leo msivuke", akakaa dirishani. Kulipopambazuka aliona ng'ambo mtu akishuka na tenga kichwani. Alikuwa Riziki, binti yake Siwema, aliyerithi biashara ya mama yake. Riziki alifika karibu na maji, akasimama, akatoa simu kwenye kibindo, akasoma. Akageuka, akarudi nyumbani na nyanya zake.

Mwajabu alilia kwa sauti, peke yake, mpaka akachoka. Siku maji yalipopungua alinunua tenga zima, akapika mchuzi mwekundu.

Haikuchukua muda Bwana Melkiori akaja na barua ya kuifunga tovuti hiyo.

"Pole na safari," alisema Mwajabu. "Umevukaje?"

"Nimesoma kwako asubuhi. Jana uliandika tusivuke, ndiyo maana nimekuja leo." Alisema hivyo kwa upole wake wote, kisha akaomba maji ya kunywa.

Barua ilirudi wizarani, wala hakupatikana mtu wa kutia saini kuisimamia. Madereva wote wa wizara walikuwa wakisoma tovuti ile kabla ya kuwasha magari, na Mheshimiwa mwenyewe, inasemekana, huifungua kitandani. Kuifunga ilikuwa hatari, na kuiruhusu ilikuwa uhaini. Mwanasheria wa wizara ndiye aliyeokoa jahazi. Alitoa tamko kwamba kisheria tovuti huhesabiwa kuwapo tangu siku ya kuzinduliwa kwake. Hii haikuzinduliwa, kwa hiyo haipo. Na kisichokuwapo hakifungiki, wala hakiwezi kulala ugenini.

Imebaki hatari moja tu. Kila masika yakikaribia, Kamati ya Maandalizi huvuka mto na utepe mpya na mkasi mpya, na ile simu ya mbao mgongoni mwa punda. Hufika kwa Bi. Mwajabu, huketi kwenye mkeka, hupewa chai na mihogo. Mwenyekiti hujifuta mdomo, husafisha koo, huuliza kama sasa tovuti iko tayari kuzinduliwa ili ianze kufanya kazi.

Na Bi. Mwajabu, ambaye asubuhi hiyo hiyo ndiye aliyewaandikia kwamba wavuke, huinamisha kichwa kwa adabu ya nchi yake, na kujibu:

"Bado, waheshimiwa. Maandalizi yanaendelea vizuri."